Njia za milimani zisizopita magari nazo ni mali, tusizilime

MWAKA jana, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimekaa kwenye banda la chai katika kijiji kimoja cha vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, nikisubiri usafiri wa kurudi mjini. Ilikuwa kama saa nane mchana. Mara wakatokea waendesha baiskeli wanne, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wawili walikuwa wageni kutoka Ulaya na wawili ni vijana wetu wa Kitanzania wanaofanya kazi Dodoma.

Mama mwenye banda alikuwa amebakiwa na chapati kumi na mbili na chupa mbili za chai. Zilikwisha kabla sijamaliza kikombe changu. Wakauliza kama kuna mayai. Mtoto akatumwa nyumba ya tatu, akarudi na mayai tisa, yakachemshwa, nayo yakaisha. Wakanunua karanga, ndizi na maji yote ya chupa yaliyokuwa kwenye duka la jirani. Walipoinuka, yule mama alihesabu fedha zake mara mbili, kisha akaniambia, "Baba, haya ni mauzo yangu ya siku mbili."

Kilichoniuma ni kilichofuata. Wale watu walikuwa wanatafuta njia ya zamani ya kushukia upande wa pili wa kilima, ile iliyotumiwa na wazee kwenda mnadani kabla magari hayajawa mengi. Vijana wa kijiweni wakacheka. "Lami ile pale, mnahangaika nini na makorongo?" Mmoja wa wale vijana wa Dodoma akawajibu kwa upole, "Lami tunayo mjini, ndugu zangu. Huku tumefuata njia ambayo haina gari."

Wakaenda. Haikupita nusu saa wakarudi wakikokota baiskeli. Njia ilikuwa imelimwa. Mtu alikuwa ameongeza shamba lake la mbaazi, akaipitia njia yote, kisha akazungushia miiba. Wakauliza pa kulala ili kesho yake wajaribu njia nyingine. Hakuna aliyekuwa na jibu. Basi wakateremka hadi kwenye lami, wakaondoka na fedha zao kwenda mjini.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: sisi wakulima na wafanyabiashara wadogo wa nyanda za kati, tunajua thamani ya njia zetu za milimani? Jibu langu ni hapana. Njia isiyopita gari tunaiona ni dalili ya umaskini, kitu cha kusubiri kifutwe na lami au na jembe. Mtazamo wangu ni kwamba njia hiyo ni mali ya kijiji kama kilivyo kisima au uwanja wa mnada, na kijiji kinachoiacha ipotee kinatupa mtaji wake chenyewe.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Kuna baiskeli za mashindano ya lami, zenye tairi nyembamba kama kidole. Kuna baiskeli za milimani, nzito, zenye springi mbele. Katikati ya hizo mbili imeingia aina ya tatu, ambayo tunaweza kuiita baiskeli ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa mashindano, lakini tairi zake ni pana, kiasi cha milimita 40 hadi 50, zenye meno ya kushika udongo. Ina giya ndogo za kupandia milima na breki za diski za kushukia. Bei yake inaweza kuzidi ya pikipiki mpya. Mwenye baiskeli hiyo hatafuti barabara nzuri. Anatafuta vumbi, kokoto, mwinuko unaomtoa jasho, mteremko unaomtia hofu kidogo, na zaidi ya yote anatafuta ukimya, mahali ambapo hakuna lori linalompulizia honi mgongoni.

Mchezo huu umekua kwa kasi duniani katika miaka hii ishirini, na ni vyema tukaangalia umekulia wapi. Katika jimbo la Kansas, Marekani, upo mji mdogo uitwao Emporia, wenye watu wapatao 24,000. Umezungukwa na vilima vya mawe makali ambavyo havikulimika, vikabaki kuwa malisho ya ng'ombe. Mwaka 2006 watu 34 walijipanga kushindana katika barabara za vumbi za wafugaji wa huko, umbali wa maili 200, yaani kama kilomita 320. Mawe yaliwachania tairi. Leo mashindano hayo, yanayoitwa Unbound Gravel, hukusanya maelfu ya waendesha baiskeli kila mwaka, na mji mzima huuza vyakula, vitanda na vipuri. Hawakujenga hoteli kubwa kwanza. Walikuwa na barabara mbovu, wakazitunza zikiwa hivyo hivyo.

Tusiseme huko ni Marekani na sisi hayatuhusu. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2021. Mwezi Juni mwaka huo yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, siku nne, kilomita zipatazo 650, katika njia za wafugaji. Rwanda nao wana njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 juu ya vilima vya ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Njia hiyo inapita kwenye mashamba ya chai na kahawa, na mgeni anayeipita kwa baiskeli au kwa miguu hulala njiani. Mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli. Mashindano hayo yalikuwa ya lami, sawa, lakini macho ya wapenda baiskeli wa dunia nzima yalielekea upande wetu huu wa Afrika.

Na sisi wa Dodoma baiskeli za wageni si jambo geni. Mwaka 2003 ulianza msafara uitwao Tour d'Afrique, wa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, safari ya kilomita karibu 12,000 inayochukua kama miezi minne. Katika miaka yake ya mwanzo msafara ule ulikuwa ukitoka Arusha, unashuka kwa njia ya Kondoa na Dodoma, kisha unaelekea Iringa. Wakati huo barabara ya Babati hadi Dodoma ilikuwa ya vumbi, na wenyeji wa Kondoa wanakumbuka walivyokuwa wakitoka kuwaangalia wale watu waliojitesa kwa hiari yao.

Aprili 2018 Rais John Magufuli aliizindua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251. Mimi ni mmoja wa waliofurahi, na bado nafurahi. Kabla ya hapo mbaazi na alizeti zililala njiani wakati wa masika, na mgonjwa alifika hospitali amechoka kuliko alivyotoka nyumbani. Asiwepo mtu wa kusoma makala haya akadhani napinga lami. Ninachosema ni kwamba lami imebadilisha kazi za njia. Zamani barabara moja ilibeba kila kitu: lori, basi, punda, baiskeli ya mkulima na baiskeli ya mgeni. Sasa lami ni ya magari, tena yanayokwenda mbio. Mwenye baiskeli, awe Mzungu au mkulima wa karanga, anahitaji njia nyingine. Njia hiyo tayari ipo juu ya vilima. Tatizo ni kwamba hakuna anayeihesabu.

Hebu tuhesabu tulicho nacho. Vilima vya Irangi vina vijia vinavyounganisha vijiji kutoka bonde hadi bonde, kupita Haubi penye ziwa, hadi Kolo na Pahi. Hapo Kolo ndipo penye michoro ya kale ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ni michoro iliyosambaa katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mahali kama Mungomi wa Kolo wenyeji bado hufanya matambiko yao. Kaskazini ya Dodoma mjini kuna vilima vya Chenene. Mashariki, juu ya mji wa Mpwapwa, kuna milima ya Kiboriani, ambayo ni chanzo cha maji. Ukishuka kwenye tambarare unakutana na mibuyu, mashamba ya uwele na mtama, na zabibu za Hombolo na Mpunguzi.

Hata hali ya hewa ambayo sisi tunailalamikia inafaa kwa mchezo huu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kuanzia Mei hadi Novemba njia ni kavu. Hiki ndicho kipindi ambacho mkulima ameshavuna, ana chakula ndani, na mikono yake haina kazi nyingi shambani. Zao gani jingine linakomaa wakati wa kiangazi bila kumwagiliwa?

Wapo watakaouliza wateja watatoka wapi. Mimi nasema tusianze na Ulaya. Tuanze na Dodoma mjini. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, mji umejaa wafanyakazi ambao Jumamosi hawana pa kwenda. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza mwaka 2007, chenye maelfu ya vijana. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya nusu siku. Mgeni wa ndani hahitaji viza, anajua kula ugali wa uwele na mlenda, na akifurahi anarudi na wenzake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana makala haya yako kwenye kurasa za biashara. Tuchukulie kundi la watu wanane linalolala kijijini usiku mmoja. Bei nitakazotaja ni za kukadiria tu, kila mtu abadilishe kulingana na kijiji chake. Mahali pa kuweka hema au kitanda ni Sh10,000 kwa mtu, jumla Sh80,000. Chakula cha jioni Sh8,000 kwa mtu, jumla Sh64,000. Chai ya asubuhi na mayai na viazi Sh4,000, jumla Sh32,000. Karanga, ndizi, asali na maji ya njiani Sh3,000, jumla Sh24,000. Kijana wa kuwaongoza njia alipwe Sh30,000. Ukijumlisha unapata Sh230,000 kwa usiku mmoja.

Kundi moja kwa mwezi kwa miezi sita ni Sh1,380,000. Hizo si fedha za kujengea ghorofa, na mtu yeyote atakayekuja kijijini kwenu kuwaahidi mamilioni kwa mamilioni mfukuzeni. Lakini angalieni zinavyogawanyika. Mama wa chapati amepata, mwenye kuku amepata, mrina asali amepata, muuza duka amepata, kijana aliyekuwa anakaa kijiweni amepata. Mayai ambayo mchuuzi angeyachukua kwa bei ya chini na kuyapeleka mjini yameuzwa hapo hapo, yakiwa yameiva, kwa bei ya rejareja. Mkulima anapolalamika kwamba soko liko mbali, hapa soko limempandia mlima lenyewe, tena likiwa na njaa.

Lakini faida ya kwanza ya njia hizi si ya mgeni, ni yetu wenyewe, na hapa naomba nieleze jambo la maisha yangu. Nikiwa kijana nilishusha magunia ya karanga ya marehemu baba kutoka mlimani hadi sokoni kwa baiskeli ya Phoenix. Gunia lilikaa kwenye keria, limefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mimi nilishika usukani, kaka yangu alikuja nyuma ameshika kamba ili baiskeli isinikimbie kwenye mteremko. Breki zikishindwa, kisigino kiliingia kati ya tairi na fremu. Tulifika sokoni salama, bila kulipa nauli na bila kukwepa lori hata moja.

Miaka mingi baadaye, mtu wa karibu katika ukoo wetu aliamua kupita barabarani na baiskeli yake yenye mzigo kwa sababu njia ya zamani ilikuwa imezibwa. Gari lilimgonga kwa nyuma jioni na halikusimama. Alipona, lakini mguu wake haujarudi kama ulivyokuwa, na mashamba yake sasa yanalimwa kwa vibarua. Ninapoona njia ya mlimani imelimwa, mimi naona mguu ule.

Ni kweli bodaboda imechukua kazi nyingi za baiskeli. Lakini bodaboda inataka mafuta, na mafuta yanapopanda nauli inapanda siku hiyo hiyo. Kwa mkulima wa gunia mbili au tatu, nauli ya kupeleka mzigo mnadani inaweza kula faida yote ya gunia moja. Baiskeli bado ina nafasi yake, mradi iwe na pa kupita.

Kwa hiyo tufanye nini? Nina mambo manne ya kupendekeza.

La kwanza, tuziandike njia zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kuwa na mpango wake. Vijiji vingi vinapofanya mpango huo hutenga makazi, mashamba, malisho na msitu, kisha vijia vinasahauliwa kwa sababu kila mtu anavijua. Kinachojulikana na kila mtu ndicho hupotea upesi, maana hakuna mwenye kukidai. Wazee waitwe, wazitembee njia hizo pamoja na vijana wenye simu za kurekodi ramani, ziingie kwenye mpango, na mkutano mkuu wa kijiji uzipitishe. Jambo hili lina haraka, hasa vijiji vya karibu na Dodoma, ambako wanunuzi wa viwanja wanapanda vilima kila wiki. Kiwanja kikishapimwa juu ya njia, kuirudisha ni kesi ya miaka.

La pili, tuzitunze kwa elimu tuliyonayo. Kondoa haihitaji mtaalamu kutoka nje kueleza maji yanavyokula udongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo zaidi ya 80,000 iliondolewa katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, lakini vilima vikavaa majani tena. Wazee waliochimba makinga maji ya wakati ule wanajua kwamba njia inayoshuka mlima moja kwa moja inageuka korongo baada ya masika mawili. Njia nzuri inakingama na mlima, na kila baada ya hatua kadhaa inawekewa mstari wa mawe wa kutoa maji pembeni. Siku mbili za msaragambo kila mwaka baada ya mvua zinatosha kwa njia ya kilomita chache. Hatuhitaji greda. Kwa kweli greda likipita, gari nalo litapita, na tutakuwa tumeua kile tulichotaka kukiuza.

La tatu, tujipange kibiashara, kidogo kidogo. Kijiji kisijenge gesti ya vyumba kumi kwa mkopo. Nyumba moja yenye chumba safi, choo safi, ndoo ya maji ya moto na chandarua inatosha kuanzia. Mwenye banda la chai aweke namba ya simu kwenye ubao ili kundi limpigie siku moja kabla, naye akande unga wa kutosha. Fundi baiskeli awe na spoku, mnyororo, viraka na pampu nzuri. Ajue pia kwamba tairi nyingi za baiskeli hizi hazina tyubu, zina maji ya gundi ndani yanayoziba tundu dogo lenyewe. Hata hivyo mbigili za Dodoma zina sifa yake, na wengi wataishia kwa fundi wetu kuomba tyubu. Tuwe na bei moja inayojulikana kwa mgeni na mwenyeji. Mgeni akiuziwa yai kwa bei ya kuku hatarudi, na atawaambia wenzake.

La nne, tuzingatie usalama na utaratibu. Tusijidanganye kwamba njia isiyo na magari haina hatari. Mwezi Agosti 2022, Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa kinara wa mchezo huu Afrika Mashariki, alifariki kwa ajali katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani, na alikuwa bingwa aliyeifahamu baiskeli kuliko wengi wetu. Kwa hiyo kila kundi lipite na mwenyeji anayejua mteremko mbaya uko wapi, ofisi ya kijiji iandike majina na namba za simu, na ijulikane zahanati ya karibu ni ipi. Njia zinazopita kwenye msitu wa hifadhi zisitumike bila kibali cha wahusika. Penye michoro na matambiko, wazee waamue wapi baiskeli zinasimama na wapi mtu anatembea kwa miguu. Penye chanzo cha maji pasigeuzwe kambi.

Najua hoja itakayotolewa na mkulima aliyelima njia. Atasema, "Mimi nina watoto sita na ekari mbili, nyie mnaniambia nihifadhi kijia kwa ajili ya watu wanaocheza?" Hoja hiyo ni nzito na haifai kudharauliwa. Lakini tupime. Njia yenye upana wa hatua mbili ikikatiza shamba la urefu wa hatua mia moja inachukua sehemu ndogo sana ya ekari, pengine debe moja au mawili ya mbaazi kwa msimu. Akiifunga, jirani zake wote wa juu wanazunguka hadi kwenye lami na mizigo yao, na yeye mwenyewe siku atakapohitaji kupita kwa mwenzake atakuta miiba kama ile aliyoiweka. Palipo na hasara ya kweli, kijiji kimfidie kwa kipande kingine au kwa sehemu ya ada ndogo inayotozwa makundi ya wageni. Ada hiyo iwe na stakabadhi na isomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na mapato mengine, la sivyo itazaa ugomvi badala ya maendeleo.

Kwa upande wa halmashauri zetu za wilaya, ombi langu ni dogo. Kila mwaka tunakuwa na maonyesho ya Nanenane, na Kanda ya Kati viwanja vyake viko Nzuguni, Dodoma. Tarehe 8 Agosti ni katikati ya kiangazi. Kwa nini wiki hiyo pasiwe na mashindano ya baiskeli katika njia za vilima, yenye makundi mawili, moja la hawa wenye baiskeli za changarawe na jingine la wakulima wenye baiskeli za kawaida zilizobeba gunia? Mimi najua kundi ambalo wananchi watalishangilia zaidi. Zawadi ya mshindi wa gunia iwe baiskeli mpya au pembejeo za msimu. Gharama yake ni ndogo kuliko mabanda mengi tunayoyajenga na kuyabomoa kila mwaka.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Njia za vilima hivi zilichorwa na miguu ya babu zetu wakipeleka chumvi, nafaka na mifugo, kabla Wajerumani hawajaleta reli. Hazikutugharimu senti. Kuzipoteza nako hakutugharimu senti leo, ndiyo maana hatushituki.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye lile banda la chai. Yule mama ameongeza benchi moja na ana trei ya mayai juu ya kabati. Aliniuliza kama wale watu wa baiskeli watarudi. Nilimwambia sijui, inategemea ile njia. Akatazama upande wa shamba la mbaazi, akanyamaza. Nadhani swali lake halikuwa langu kujibu. Ni la mkutano mkuu wa kijiji chake, na la kijiji chako wewe unayesoma.